Homa kushuka si malaria kuisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo linalogharimu maisha ya watu, hasa watoto, kwa sababu tunalichukulia juu juu. Magari ya matangazo yanapita mitaani yakinadi unga na vidonge vya "kuongeza kinga". Kwenye maduka ya dawa mtu anaomba "kitu cha kushusha homa" na kuondoka bila kupimwa. Nyumbani dozi inakatishwa siku ya pili kwa kuwa mgonjwa ameamka na kuomba uji. Yote matatu yanatoka kwenye dhana moja, kwamba homa ndiyo malaria. Siyo. Homa ya malaria inatengenezwa na mwili wa mgonjwa mwenyewe, na asiyejua hilo hawezi kumtofautisha aliyepona na aliyetulia tu.

Nazungumzia hasa Plasmodium falciparum, aina ya kimelea inayosababisha sehemu kubwa ya malaria yetu Afrika Mashariki. Mbu jike wa Anofelesi akiuma, huacha chini ya ngozi vimelea vichache, mara nyingi havifiki mia. Baada ya muda mfupi, saa moja hivi, vile vilivyofanikiwa vimeshaingia kwenye ini. Huko vinakaa siku 6 au 7, na kila kimoja, ndani ya chembe moja ya ini, huzaa makumi ya maelfu. Siku zote hizo mtu anakula, analala, anakwenda kazini. Zipo chembe nyeupe zenye uwezo wa kuua chembe ya ini iliyoingiliwa, lakini ini lina chembe mabilioni na zilizoingiliwa ni za kuhesabika. Kuzikuta kwa wakati ni sawa na kuitafuta nyumba moja katika jiji zima bila kuambiwa mtaa.

Kisha vimelea vinamwagika kwenye damu na kuingia chembe nyekundu. Hapo vinapata maficho mazuri zaidi, kwa sababu chembe nyekundu haina kiini wala zile alama ambazo chembe nyingine za mwili huzionyesha nje kuwajulisha walinzi kwamba ndani kuna mgeni. Kimelea kinakula hemoglobini, kinakua, kinajigawa, na baada ya saa 48 chembe inapasuka na kutoa vimelea vipya kati ya 16 na 32.

Homa inazaliwa hapo, kwenye kupasuka. Chembe haimwagi vimelea peke yake. Inamwaga na takataka zake: punje nyeusi za himozoini, ambazo ni mabaki ya damu iliyoliwa, vipande vya DNA, na mafuta yenye sukari yaliyokuwa yakishikilia protini kwenye ngozi ya kimelea. Chembe nyeupe zinazomeza uchafu, monosaiti na makrofaji, zinaitambua taka ya namna hiyo mara moja. Zinatoa saitokini, yaani kemikali za kupashana habari: TNF, intaleukini-1, intaleukini-6. Habari zikifika kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, prostaglandini hutengenezwa na kiwango cha joto kinapandishwa kutoka 37 hadi 39 au 40. Mwili wenye joto 37 sasa unajiona uko kwenye baridi. Unabana mishipa ya ngozi, misuli inatetemeka kutafuta joto, na ndiyo maana mgonjwa anaomba blanketi la pili saa saba mchana Dar es Salaam. Kiwango kikishushwa, analowa jasho. Camillo Golgi wa Italia alieleza tangu mwaka 1886 kwamba homa hupanda pale chembe zinapopasuka. Kwa falciparum lakini, vimelea mara nyingi havipasui kwa pamoja, hivyo homa inaweza kuja saa yoyote. Asitokee mtu akasubiri eti mpaka aone homa "ya siku moja baada ya siku moja" ndipo aende kupima.

Hali hii yote, ya joto, maumivu na mishipa kuvuja, kitaalamu ni mchochota. Mwiba ukikuingia kidole kinavimba, kinakuwa chekundu, kinachemka na kuuma; huo ni mchochota wa mahali pamoja. Wa malaria unakwenda mwili mzima kwa sababu adui yuko kwenye damu. Nao si kosa la mwili. Joto la nyuzi 39 hadi 40 linavidhoofisha vimelea vilivyokomaa. Chembe nyingine nyeupe hutoa intaferoni-gama, inayowachochea makrofaji wameze zaidi. Bandama inatanuka na kuchuja: kila chembe nyekundu inalazimika kujibana kupita kwenye nyufa nyembamba kuliko chembe yenyewe, na iliyobeba kimelea, kwa kuwa imekakamaa, inakwama na kuliwa. Bandama ya mtoto inayopapasika chini ya mbavu za kushoto ni kiungo kilichofanya kazi hiyo muda mrefu. Mwili pia una breki zake, mojawapo intaleukini-10, inayowaambia makrofaji sasa yatosha. Tatizo la malaria kali ni pale moto na breki vinapopishana.

Sasa tuchukue majibu ya darubini yanayosomeka "wadudu 3". Wengi wakisikia hivyo wanapumua: watatu tu! Lakini mtu wa maabara hahesabu wadudu wa mwili mzima. Anaweka tone la damu kwenye kioo, analitandaza, analiacha likauke, analipaka rangi ya Giemsa, kisha anatazama kwa lenzi ya mafuta akihesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe mpaka zifike 200. Kwa makadirio tunayotumia, kila maikrolita ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Kwa hiyo vimelea 3 kwa chembe nyeupe 200 ni vimelea 120 katika maikrolita moja, na maikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Zidisha, utapata vimelea milioni 600. Na hivyo ni vichanga, vinavyozunguka. Vilivyokomaa havionekani kwenye kioo kwa sababu vimejibanza kwenye kuta za mishipa, jambo nitakalolirudia. Mtu wa maabara anayefuatilia kazi yake ataangalia pia ndani ya chembe nyeupe: akikuta nyingi zina punje za rangi nyeusi au kahawia, atamwambia daktari, kwa sababu hizo ni dalili ya vimelea vingi vilivyopasuka siku zilizopita, hata kama vinavyohesabika leo ni vichache.

Mtu huyo wa milioni 600 tumpe dawa mseto ya ALu, yaani artemetha na lumefantrini. Mwenye kilo 35 na zaidi ana vidonge 24: vinne hapohapo, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Sehemu ya artemetha inaua haraka sana. Kwa makadirio inapunguza vimelea mara 10,000 kwa kila mzunguko wa saa 48. Baada ya mzunguko mmoja milioni 600 zimebaki 60,000. Chembe chache zinapasuka, taka ni kidogo, saitokini zinashuka, homa inaondoka, hamu ya kula inarudi. Hapo ndipo watu wanapoacha dawa. Lakini vimelea 60,000 ndani ya lita 5 za damu havionekani kwa darubini. Mtu asiye na kinga, vimelea vyake huongezeka kama mara 10 kila siku mbili: 60,000 zinakuwa 600,000, kisha milioni 6, milioni 60, milioni 600. Siku nane. Wiki inayofuata anasema malaria imerudi au dawa ilikuwa feki. Akimaliza siku tatu, artemetha inagusa mizunguko miwili na vinabaki vya kuhesabia vidole. Hivyo vinamalizwa na lumefantrini, inayokaa kwenye damu siku kadhaa. Lumefantrini hainyonywi vizuri bila mafuta. Inywe na maziwa, chai ya maziwa, karanga au chakula chenye mafuta, si kwa maji matupu kwa mtu mwenye njaa. Akitapika ndani ya nusu saa, dozi hiyo irudiwe.

Katika kumalizia huko dawa haifanyi kazi peke yake; kinga ya mgonjwa inasaidia. Ndiyo sababu dawa iliyoanza kuchoka inaweza kuonekana bado nzuri kwa mtu mzima aliyekulia kijijini na ikamshinda mtoto. Hilo lina uzito kwetu, kwa kuwa vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, jamii ya dawa yenye artemetha, vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera.

Kuhusu parasetamoli, simkatazi mtu. Mtoto mwenye homa kali apewe, atulie, aweze kunywa. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo, asipewe tena kabla ya saa 6 kupita, na zisizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 ni miligramu 150, yaani mililita 6 hivi za sirapu yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Parasetamoli inapunguza zile prostaglandini za ubongoni. Haigusi kimelea hata kimoja. Ninachopinga ni kuipima malaria kwa parasetamoli: "tumempa, homa imeshuka, basi haikuwa malaria." Sindano ya diklofenaki, nayo ya maumivu na homa, ni mbaya zaidi: dawa ya jamii yake inabana damu inayokwenda kwenye figo, na mgonjwa wa malaria anayetapika na kukaukiwa maji figo zake tayari ziko matatani.

Nirudi kwa vile vilivyojibanza. Falciparum iliyokomaa ikipita kwenye bandama itanaswa, kwa hiyo haipiti. Inaotesha vinundu juu ya chembe nyekundu iliyomo, na kwenye vinundu inaweka protini inayonata kwenye kuta za mishipa midogo. Kimelea kina jeni 60 hivi za protini hiyo na kinatumia moja kwa wakati. Mwili ukishatengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, za kuikamata hiyo moja, baadhi ya vimelea vimeshabadilisha vazi na kuvaa lingine. Mishipa midogo inayoziba ikiwa ni ya ubongo, ndipo tunaposema malaria imempanda kichwani. Damu haipiti vizuri, ukuta wa mshipa unachokozwa, unavuja, na ubongo unavimba. Utafiti wa picha za MRI uliofanyika Blantyre, Malawi, na kuchapishwa 2015 ulionyesha kwamba watoto waliokufa kwa malaria ya ubongo, wengi wao ubongo ulikuwa umevimba kupita kiasi ndani ya fuvu. Degedege na kupoteza fahamu vinatoka huko. Si ndege, si shetani, na kumfukiza mtoto moshi kunapoteza saa ambazo hana.

Mtu mwenye akili atauliza: kama madhara yanatoka kwenye mchochota, kwa nini tusiuzime? Swali hilo limejaribiwa, na majibu yake yangepaswa kubandikwa katika kila zahanati. Thailand, mwaka 1982, wagonjwa 100 wa malaria ya ubongo waligawanywa, wengine wakapewa deksamethazoni, dawa kali ya kuzima mchochota. Haikuokoa maisha zaidi. Waliopewa walikaa bila fahamu muda mrefu zaidi na walipata matatizo zaidi. Gambia, majibu yalichapishwa 1996, watoto 610 walihusishwa katika jaribio la kingamwili ya kuikamata TNF yenyewe. Homa ilishuka mapema. Vifo havikupungua, na waliobaki na ulemavu wa ubongo walikuwa wengi zaidi upande wa waliopewa. Pamoja na hayo bado kuna mahali mtoto aliyezimia kwa malaria anachomwa deksamethazoni "apunguze uvimbe". Isifanyike.

Kinachookoa ni kuua vimelea vikiwa vichanga, kabla havijanata. Kwinini inaua zaidi vilivyokomaa. Artesuneti, ndugu wa artemetha, inaua na vichanga. Katika utafiti wa watoto 5,425 kwenye nchi 9 za Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zikiwemo, uliochapishwa 2010, waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9 na waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Chupa ya miligramu 60 inayeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti iliyokuja nayo, inatikiswa mpaka maji yawe maangavu kabisa. Kwa sindano ya mshipa inaongezwa mililita 5 za salaini au dekstrozi, kila mililita inakuwa na miligramu 10. Kwa sindano ya msuli zinaongezwa 2 tu, inakuwa miligramu 20. Mtoto aliye chini ya kilo 20 anapata miligramu 3 kwa kilo. Wengine wote 2.4. Mtoto wa kilo 10 basi ni miligramu 30, mililita 3 za mshipa au 1.5 za msuli. Inachomwa mara mgonjwa anapofika, saa 12 baadaye, saa 24 tangu ile ya kwanza, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza, halafu anapewa dozi kamili ya dawa mseto ya siku tatu. Makosa tunayoyaona sana ni mawili. La kwanza ni kuitia kwenye dripu, wakati inatakiwa kusukumwa taratibu kwa bomba na kutumika ndani ya saa moja tangu ichanganywe. La pili ni kumruhusu mgonjwa baada ya sindano tatu bila vidonge. Kwa walio mbali na hospitali, mtoto wa chini ya miaka 6 asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu au aliyepata degedege, awekewe artesuneti ya njia ya haja kubwa, miligramu 10 kwa kilo, kisha safari ianze saa hiyohiyo.

Kinga ya malaria ipo, lakini haifanani na ya surua. Ukiugua surua mara moja umemalizana nayo. Malaria unajifunza vazi moja baada ya jingine, miaka na miaka, na hata ukijua mengi unabaki ukibeba vimelea bila homa. Kwamba kingamwili ndizo zinazofanya kazi kubwa, lilithibitishwa Gambia mwaka 1961: Cohen, McGregor na Carrington walichukua kingamwili kutoka damu ya watu wazima wakawachoma watoto wagonjwa, na vimelea vikashuka. Mtoto mchanga naye hukingwa miezi ya kwanza na kingamwili za mama, zikiisha anabaki wazi. Wapo wanaodhani mtoto akiugua malaria nyepesi mara mbili ameshazoea. Huko Muheza, Tanga, watoto 882 walifuatiliwa, matokeo yakachapishwa 2014, na haikuonekana kwamba malaria nyepesi mara moja au mbili inamkinga mtoto na malaria kali.

Kinga hiyo pia inasahaulika usipoumwa na mbu wenye vimelea. Aliyezaliwa Kigoma akaishi London miaka kumi, akirudi kumsalimia bibi hana tena kinga aliyoondoka nayo. Huko Uingereza wagonjwa wengi wa malaria ni watu wenye asili ya Afrika waliotoka kutembelea ndugu. Hata hapa ndani, mtoto wa Njombe, Nairobi au Unguja anayepelekwa likizo Mtwara au Kisumu aende na chandarua chenye dawa, na homa yoyote ya wiki za kurudi ipimwe.

Mjamzito wa mimba ya kwanza ni mfano mwingine. Anaweza kuwa na kinga ya mtu mzima, lakini kondo la nyuma ni kiungo kipya na kimelea kina vazi maalumu la kunata hapo ambalo mwili wake haujawahi kuliona. Mimba zinazofuata anakuwa amelijua kiasi. Kwa hiyo vidonge 3 vya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, vimezwe kliniki mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13, kwa nafasi ya mwezi mmoja, angalau mara tatu. Anayetumia kotrimoksazoli kwa ajili ya VVU asipewe SP. Na asidi ya foliki ya miligramu 5 inaivuruga SP. Ya miligramu 0.4 haina neno.

Baada ya haya, nirudi kwa wauza "kinga". Hakuna unga utakaoufundisha mwili mavazi 60. Chanjo zenyewe, zilizojaribiwa kwa miaka mingi katika sehemu zikiwemo Bagamoyo na Kilifi, zinakinga kwa sehemu tu, maana kingamwili zake zina muda mfupi wa kukikamata kimelea kabla hakijafika kwenye ini, na kikipona kimoja kinatosha kuleta ugonjwa. Ndiyo maana dozi ni nne na ya nne haipaswi kurukwa. Na katika malaria kali, kuongeza tu moto wa kinga ndicho kitu cha mwisho ambacho mgonjwa anakihitaji.

Liko pia suala la "malaria na taifodi". Malaria inazichochea chembe zinazotengeneza kingamwili, nazo zinamwaga za kila aina, hata zisizohusiana na vimelea. Kipimo cha Widali kinatafuta kingamwili, si bakteria, kwa hiyo mgonjwa wa malaria anaweza kusomeka ana taifodi ambayo hana. Analipia vipimo viwili na kumeza antibayotiki za wiki nzima. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu. Isieleweke vibaya: mtoto mwenye malaria kali kupewa antibayotiki pamoja na artesuneti ni sahihi, kwa sababu damu inapopasuka kwa wingi chembe zinazoua bakteria zinadhoofika, na salmonela za jamii nyingine hupenya kwenye damu. Vilevile kipimo cha haraka cha malaria kinasoma protini ya kimelea inayobaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Homa ikirudi ndani ya siku 28 baada ya dozi, omba darubini.

Damu nayo hupungua kwa njia zaidi ya moja. Chembe zenye vimelea zinapasuka, na pamoja nazo bandama inakula nyingi zisizo na kitu. Himozoini na saitokini zinaudumaza uboho. Kisha mchochota unaliamuru ini kutoa hepsidini, inayofunga mlango wa madini ya chuma tumboni, hivyo vidonge vya chuma vinavyotolewa wakati wa homa havinyonywi vizuri. Pemba ilitufundisha kwa gharama: katika utafiti mkubwa uliochapishwa 2006, watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku walilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ikabidi isimamishwe. Chuma si sumu. Mtoto mwenye upungufu anakihitaji. Ila kisitangulie kupima na kutibu malaria, na kiende pamoja na chandarua.

Jambo la mwisho linahusu wagonjwa ambao tumeshawaruhusu. Artesuneti ikiua kimelea ndani ya chembe nyekundu, mara nyingi bandama haiiharibu chembe ile. Inakichomoa kimelea kilichokufa na kuirudisha chembe kwenye mzunguko. Chembe hiyo ina kovu na maisha yake ni mafupi. Zikiwa nyingi, zinaweza kupasuka karibu kwa pamoja kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, mgonjwa akiwa nyumbani na kila mtu akijua amepona. Kwa hiyo aliyelazwa kwa malaria kali, hasa aliyekuwa na vimelea vingi, apimwe wingi wa damu siku ya 7, ya 14 na ya 28. Tarehe hizo ziandikwe kwenye kadi kabla hajatoka wodini, na mama aambiwe waziwazi kwamba viganja vikiwa vyeupe, macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa na rangi ya kahawa, arudi bila kungoja tarehe.

Mtaalamu wa maabara,
Tanga.